Tansio juu siku ya kupimwa kwa ajili ya kazi: mutu afanye nini?

Simu inalia. Dosye imekubaliwa, mutihani wa kuandika umepita, maulizo ya mudomo yamepita. Kunabaki jambo moja tu: kwenda kupimwa na muganga na kuleta cheti cha afya mbele ya kutia saini ku kontra. Ile usiku mutu halali vizuri. Asubuhi anakunywa kahawa ya haraka, anapanda pikipiki, anapanda ngazi za hopitali mbio kusudi asichelewe. Anakalishwa, kitambaa kinafungwa ku mukono, kinajazwa hewa. Muuguzi anaandika: 16/10. Kisha anauliza: "Papa, uko unameza dawa ya tansio?"

Hapo hapo wengi wanaona kama kazi imekwisha kupotea. Wengine wanaomba muuguzi aandike namba ingine. Wengine wanarudi nyumbani na kuazima kidonge kwa jirani, alafu wanarudi kesho yake. Na kuko wale wenye wanajua toka zamani kama wako na tansio, lakini wanaacha dawa na kuficha fishi zao, kwa kuogopa kuitwa wagonjwa.

Mu miji kama Goma, Bukavu, Butembo, Bunia ao Uvira, kazi ya mushahara ni haba, na kila mushahara mumoja unalisha nyumba nzima, mara nyingi na jamaa wenye walikimbia vita. Hiyo hofu inaeleweka. Lakini iko inapeleka watu mu makosa mawili: kukata tamaa kwa sababu ya namba moja, ao kudanganya namba. Yote mawili yanaweza kuumiza mutu kuliko tansio yenyewe.

Namba mbili zinasema nini?

Moyo ni kama pompi. Kila mara unajikaza, unasukuma damu mu mishipa. Nguvu yenye damu inasukuma nayo kuta za mishipa ndiyo inaitwa tansio. Namba ya kwanza, ile kubwa, inaonyesha nguvu hiyo wakati moyo unajikaza. Namba ya pili, ile ndogo, inaonyesha nguvu yenye kubaki wakati moyo unapumzika katikati ya pigo moja na lingine.

Ku hopitali zetu wauguzi wengi wanatumia hesabu ya kifupi ya Kifaransa: "douze-huit", "quatorze-neuf". Mashini za kujiendesha zenyewe zinaonyesha hesabu ndefu. Ni kitu kimoja: 12/8 ni 120/80, na 14/9 ni 140/90. Kwa hiyo mutu asishituke akiona 150 ku mashini ya farmasi na 15 ku fishi yake.

Kufuatana na Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, mutu mukubwa anahesabiwa kuwa na tansio ya juu wakati namba ya kwanza inafika 140 ao kupita, ao namba ya pili inafika 90 ao kupita, na jambo hilo likionekana kwa siku mbili mbalimbali. Yale maneno ya mwisho ndiyo yenye watu wanasahau: siku mbili mbalimbali. Kwa kawaida, namba moja ya asubuhi moja haitoshi kumupa mutu jina la mugonjwa wa tansio. Inatosha tu kusema: turudilie kupima.

Kuko tofauti moja. Kama namba inafika 180 juu ao 120 chini, na mutu anasikia kifua kikiuma, pumzi ikikatika, macho yakiona giza, kichwa kikiuma sana kwa gafula, ao upande mumoja wa mwili ukilegea, hiyo si tena habari ya cheti. Ni habari ya kumupeleka hopitali kubwa saa ile ile.

Sababu gani namba inapanda ile siku?

Mwili wa mutu mwenye woga unajitayarisha kama vile mwenye kutaka kukimbia. Moyo unapiga mbio, mishipa inajikaza, tansio inapanda. Kuko watu wenye tansio yao iko muzuri ku nyumba, lakini inapanda kila mara wanamuona muganga. Waganga wanaijua hali hiyo. Kwa Kifaransa wanaiita tansio ya "blouse blanche", ni kusema tansio ya koti jeupe. Siku ya kupimwa kwa ajili ya kazi, woga unakuwa mara mbili: woga wa muganga na woga wa kukosa kazi.

Kuko tena sababu zingine za kawaida: kutolala, kahawa, sigara, kutembea haraka, kubana mukojo kwa kungojea mustari, kuongea wakati mashini iko inapima. Kila moja inaongeza kidogo, na zikikutana zinaweza kumutosha mutu ku 13 na kumupeleka ku 15.

Hata kitambaa cha kufunga ku mukono kinaweza kudanganya. Kikiwa kidogo kwa mukono munene, mashini inaonyesha namba ya juu kuliko ile ya kweli. Mukono ukining'inia chini, namba inapanda vilevile. Kitambaa kikifungwa juu ya koti ao shati nzito, namba haiaminiki.

Dawa zenye watu wananunua bila karatasi ya muganga ziko na sehemu yao. Dawa za maumivu kama ibuprofene na diklofenake, zenye wengi wanameza kwa mugongo ao magoti, zinaweza kupandisha tansio. Deksametazone pia, yenye wengine wanameza kwa kutaka kunenepa. Mutu mwenye alimeza dawa hizo mu siku zilizopita anapashwa kumuambia muganga.

Namna nzuri ya kupima

Mutu anapashwa kupumzika kwanza dakika tano, akikaa ku kiti chenye mugongo, miguu miwili chini bila kuipandanisha, na kibofu kikiwa bila mukojo. Nusu saa mbele ya kupimwa asinywe kahawa, asivute sigara, asifanye kazi ya nguvu. Mukono ulale juu ya meza, kwa urefu wa moyo, bila nguo. Mutu asiongee, na muuguzi asimuulize maulizo wakati ule.

Kisha kupima inarudiliwa mara mbili ao tatu, kwa kuacha dakika moja ao mbili katikati. Mara ya kwanza mu maisha, ni vizuri kupima mikono yote miwili na kufuata ule wenye namba ya juu. Mutu mwenye kuambiwa 16/10 baada ya kupanda ngazi iko na haki ya kusema kwa heshima: "Docta, tafazali, nilikimbia, naomba nipumzike kidogo na unipime tena." Hiyo si kudanganya. Ndiyo namna kazi inapashwa kufanyika.

Tuchukue mufano. Mutu anafika na 158/96. Anapumzika, wanapima tena: 148/92. Muganga anamupa randevu nyingine. Baada ya siku tatu, akiwa ametulia: 132/84. Huyo hajaonyesha ugonjwa. Atashauriwa tu kuangalia chumvi na kupimwa tena mu miezi yenye kuja. Mwingine anafika na 158/96, na ku randevu ya pili bado iko na 156/98. Huyo iko na tansio, na kama visite ya kazi isingekuwako, pengine hangejua kwa miaka mingi.

Sababu tansio haiongei. OMS inasema kama zaidi ya watu bilioni 1 duniani wako na tansio ya juu, na karibu nusu yao hawajui. Wengi wanangojea kichwa kiume ao kizunguzungu kije. Mishipa inaharibika polepole bila maumivu: ya ubongo, ya moyo, ya mafigo, ya macho. Kisha siku moja mudomo unapinda, mukono unaanguka, maneno hayatoki. Mu jamaa nyingi watu wanaanza kusema ni sumu ao ni kulogwa, na masaa ya kumuokoa yanapotelea mu kutafuta muchawi. Mudomo kupinda, mukono kukosa nguvu, maneno kupotea: kila moja ya zile alama inaomba hopitali bila kungojea.

Sababu gani mwenye kuajiri anaomba cheti?

Ku matangazo ya kazi ya mashirika na makampuni, orodha inajulikana: barua, CV, diploma, kadi ya ONEM, na "certificat d'aptitude physique". Cheti hicho si mapenzi ya mukubwa wa kazi peke yake. Sheria ya kazi ya Congo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, yenye ilirekebishwa munamo mwaka 2016, inaomba muganga ahakikishe kama mutu anaweza kazi yenye anaenda kufanya.

Lengo la kwanza ni kumulinda mutumishi mwenyewe. Mutu mwenye kifafa asipandishwe ku mulingoti wa antena. Mwenye ugonjwa wa mapafu asitumwe mu vumbi ya mawe kila siku. Lengo la pili ni kulinda wengine: mwenye kuendesha gari anabeba roho za watu wengi.

Lakini kuko tena upande wa makuta. Sheria hiyo hiyo inabebesha mwenye kuajiri gharama ya matunzo ya mutumishi na jamaa yake wakati wa ugonjwa. Ndiyo maana wengine wakisikia neno "tansio" wanaona mara moja bei ya dawa za kila mwezi na siku za kukosa ku kazi. Hesabu hiyo inasahau jambo moja: mutu mwenye anajua tansio yake na anameza dawa zake anafanya kazi kama wengine. Mwenye kuleta hasara kubwa ni yule mwenye hakupimwa, mwenye anaanguka ku kazi mu mwezi wa tatu.

"Apte" ao "inapte" inamaanisha nini?

Wengi wanasoma cheti kama hukumu: mutu muzima ao mutu mugonjwa. Sivyo. Cheti kinajibu ulizo moja tu: huyu mutu, kwa kazi hii, anaweza? Mutu mumoja anaweza kuwa "apte" kwa kazi ya komptable na kukataliwa kwa kazi ya kushuka chini ya udongo mu mugodi.

Kwa tansio, muganga anaangalia mambo matatu. La kwanza, namba ziko juu kwa kiasi gani, na je, zinashuka na dawa? La pili, tansio imekwisha kugusa viungo? Kwa hiyo anaweza kuomba kupima mukojo, kreatinine ya mafigo, sukari, moyo kwa mashini, na macho. La tatu, kazi yenyewe inaomba nini: kukaa ku biro, kusimama zamu ya usiku, kubeba mizigo, kuendesha lori, kupanda juu?

Kutoka hapo majibu yanaweza kuwa ine. "Apte", bila neno lingine. "Apte" lakini kwa kufuatiliwa na muganga kila mwezi ao kila miezi mitatu. "Inapte" kwa muda, ni kusema mutu atibiwe kwanza na arudi baada ya wiki fulani. Ao "inapte" kwa ile kazi, lakini anaweza ingine. Mutu mwenye tansio ya 15/9, bila kiungo kilichoharibika, mwenye kukubali kutibiwa, kwa kazi ya ofisi ao ya kufundisha, mara nyingi hakuna sababu ya kiganga ya kumukatalia. Kwa shofere mwenye 19/11, muganga mwenye kuheshimu kazi yake atasema: tushushe kwanza.

Kwa hiyo mutu akipewa karatasi yenye kuandikwa "inapte", aulize maulizo mawili mbele ya kutoka: Ni kwa muda ao ni kwa ile kazi? Na nirudi siku gani kupimwa tena? Kisha aandikie mara moja wale wenye walimuita ku kazi, kwa kuwaomba wamungojee mupaka tarehe ya kupimwa tena. Si wote watakubali. Lakini mwenye kunyamaza hawezi kungojewa.

Siri ya mugonjwa ni ya nani?

Mwenye kuajiri anapashwa kupata jibu: anaweza, hawezi, ao anaweza kwa masharti. Habari zingine, kama jina la ugonjwa, dawa, matokeo ya labo, zinabaki katikati ya muganga na mutu. Ku RDC, siri ya muganga inalindwa na sheria: artikle ya 73 ya Code pénal inaazibu wale wenye kufunua siri walizopewa kwa sababu ya kazi yao. Muuguzi mwenye kusoma namba za mutu kwa sauti mbele ya mustari mzima, ao mwenye kutuma picha ya fishi kwa WhatsApp ya mukubwa wa kampuni, anavuka mupaka.

Na kwa mwenye kontra tayari? Sheria ya kazi inasema mutumishi hafukuzwi bila sababu ya haki, yenye kuhusu uwezo wake, mwenendo wake, ao mahitaji ya kampuni. Kumeza kidonge cha tansio kila asubuhi hakuondoe uwezo wa mutu. Kama mutumishi anaona amefukuzwa kwa sababu hiyo peke yake, mulango wa kwanza ni Inspection du travail, mbele ya tribinali. Aende na kontra, barua ya kufukuzwa na karatasi za muganga.

Njia za mukato zenye kuua

Kuko njia tatu zenye watu wanapitia kwa siri.

Ya kwanza ni kumeza vidonge vingi asubuhi ya visite, mara nyingi vya kuazima. Nifedipine yenye kuvunjwa na kuwekwa chini ya ulimi inaweza kuangusha tansio kwa gafula. Ubongo uliozoea nguvu ya juu unakosa damu. Mutu anaweza kuzimia, ao kupata ile kupooza yenye alikuwa anakimbia. Tena, dawa yenye ni muzuri kwa jirani inaweza kuwa mubaya kwa mwingine: enalapril na losartan, kwa mufano, hazipewe mwanamuke mwenye mimba.

Ya pili ni kuacha dawa ili mutu asionekane mugonjwa. Mwenye alikuwa na 13/8 kwa sababu ya dawa anafika na 17/10 kwa sababu ameziacha. Dawa zingine zikikatwa kwa gafula zinarudisha tansio na nguvu kuliko mbele. Mutu huyo angefika na dawa zake na fishi yake yenye kuonyesha namba nzuri za miezi sita, muganga angeona mutu mwenye kujichunga. Hiyo ndiyo barua nzuri yenye mugonjwa wa tansio anaweza kuleta.

Ya tatu ni kununua cheti: karatasi yenye muhuri, bila mutu kupimwa hata mara moja. Inafungua mulango wa kazi, ni kweli. Lakini tansio haisome muhuri. Itaenda naye ku barabara ya Beni, akiwa nyuma ya usukani na watu ishirini mugongoni mwake. Na siku uongo unajulikana, mwenye kuajiri iko na sababu ya kumufukuza yenye hakuwa nayo mbele.

Kujitayarisha: kuanza leo, si ile siku

Mwenye kutafuta kazi anatayarisha CV miezi mingi mbele. Tansio inaomba vilevile. Kupimwa ku kituo cha afya cha karibu kunachukua dakika kumi. Mwenye kupita miaka 30, mwenye mwili munene, mwenye sukari, ao mwenye muzazi wake alikufa kwa tansio ao kwa kupooza, asingojee ofa ya kazi itoke.

Namba ikiwa juu, apimwe siku ingine, na aandike: tarehe, saa, namba. Kaye ndogo ya kurasa kumi inatosha. Akifika mbele ya muganga wa kazi na namba za wiki mbili mu mukono, ile 16/10 ya woga inapata maelezo yake.

Kama ni tansio ya kweli, wakati ni musaada mukubwa. Dawa zenye zinatumika sana, kama amlodipine ao hydrochlorothiazide, hazimalize kazi siku moja. Inaomba wiki mbili mupaka ine kusudi muganga aone kama kiasi kinatosha. Shofere ao mulinzi amuambie muganga saa za kazi yake. Hydrochlorothiazide inaleta mukojo mwingi. Saa ya kuimeza inaweza kupangwa. Mwenye kusikia kizunguzungu akisimama ao kikohozi kisichoisha arudi kwa muganga abadilishiwe dawa, asiziache mwenyewe.

Chakula nacho kinafanya kazi. OMS inashauri mutu mukubwa asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ni kusema karibu kijiko kimoja kidogo cha chai, kwa chakula chote cha siku. Watu wanaangalia tu chumvi ya kopo, lakini ingine iko mu kubi za kuungia sombe, mu makayabu, mu samaki wa kukaushwa na chumvi. Makayabu inapashwa kuloweshwa usiku mzima na maji kubadilishwa, na hata hapo isiwe ya kila siku. Madesu, lengalenga, ndizi na matunda ni vyakula vyenye mufuko wa wengi unaweza. Mwenye ugonjwa wa mafigo aulize muganga kwanza. Kupunguza pombe kali na kuacha sigara kunashusha hatari. Kutembea kwa miguu nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, hakuombe makuta. Kitunguu saumu na ndimu havina ubaya mu chakula, lakini havichukue nafasi ya dawa.

Kuko tena jambo la kwetu. Mashariki ya Congo mutu anaweza kulala kwake na kuamuka ukimbizini. Wengi wanakimbia wakiacha dawa juu ya meza, na wanakaa wiki nyingi bila kidonge. Mwenye tansio aweke vidonge vya siku kadhaa mu mufuko mumoja na kadi yake ya uchaguzi na diploma, na aandike majina ya dawa na kiasi chake ku karatasi, ao apige picha na simu. Akifika ku kituo chochote cha afya, hata kama hawamujui, watajua pa kuanzia.

Turudi kwa yule mwenye aliandikiwa 16/10. Kama alikubali kupumzika, kurudi siku ya pili na kusema kweli, moja kati ya mambo mawili litamufikia: ao woga ndiyo ulikuwa unaongea, na atatia saini, ao tansio iko kweli, na amejua akiwa bado anatembea. Kazi inaweza kuchelewa wiki tatu. Lakini atakayeianza ni mutu mwenye kujua namba zake, na watoto wake watakula ile mushahara kwa miaka mingi.